Kutoka Mombasa hadi Lubumbashi: Historia ya Benki ya KCB na Kukua kwa Njia ya Kununua

Mwaka 2026 unatimiza miaka 130 tangu National Bank of India ilipofungua tawi dogo mjini Mombasa, Julai 1896, na kwa kuwa tawi hilo ndilo chimbuko la taasisi inayojulikana leo kama Kundi la KCB, umri huo ni fursa ya kuitazama upya historia yake kwa upande ambao haujazungumzwa vya kutosha. Simulizi za benki kongwe kwa kawaida hufuata idadi ya matawi yaliyofunguliwa, majengo yaliyojengwa na wakurugenzi waliopokezana uongozi. Historia ya KCB, hata hivyo, haieleweki barabara bila kufuata mfululizo wa mauziano ya kampuni: benki hii ilinunuliwa na kuunganishwa kabla haijawa na uwezo wa kununua, na ilipopata uwezo huo ilijifunza, kwa gharama na kwa muda, kwamba kampuni iliyonunuliwa huleta manufaa kwa kadiri ya kile kilichokuwa ndani yake siku ya mkataba na kwa kadiri ya kazi inayofanywa baada ya siku hiyo.

Ununuzi wa kampuni, kama unavyoeleweka katika maandishi ya biashara, ni tendo la kampuni moja kupata hisa za kampuni nyingine kwa kiasi kinachoipa mamlaka ya kuiongoza. Kampuni inayonunua huwa kampuni mama, na inayonunuliwa, ikiachwa iendelee kusimama kisheria kwa jina na bodi yake, huwa kampuni tanzu. Ikiwa kampuni mbili zitayeyushwa na kuwa chombo kimoja chenye leseni moja na vitabu vimoja vya hesabu, tendo hilo huitwa muungano. Tofauti hizi zinaweza kuonekana kama za wanasheria peke yao, lakini katika historia inayoelezwa hapa ndizo zilizoamua nani alibaki, nani aliondoka, na ni jina lipi lililoandikwa juu ya mlango.

National Bank of India ilianzishwa Calcutta mwaka 1863 na kuhamishia makao yake makuu London mwaka 1866. Iliingia Afrika Mashariki kupitia Unguja, ambako ilifungua ofisi mwaka 1892, wakati ambapo biashara ya karafuu, nguo na mikopo ya misafara ilikuwa ikiendeshwa kwa sehemu kubwa kwa rupia ya India. Kufika kwake Mombasa mwaka 1896 hakukuwa kwa bahati, kwa maana mwaka huohuo ndipo ujenzi wa reli ya Uganda ulipoanza kutoka pwani, na reli hiyo ilihitaji mishahara ya maelfu ya vibarua walioletwa kutoka India, malipo ya vifaa vilivyoteremshwa bandarini, na mahali pa kuhifadhi fedha za serikali ya himaya iliyotangazwa mwaka mmoja tu kabla. Benki ilifuata reli. Mwaka 1904 ilifungua tawi Nairobi, mji ambao miaka michache nyuma ulikuwa kambi ya mafundi na bohari ya mataruma.

Ununuzi wa kwanza wenye uzito katika ukoo huu ulifanyika mbali na Afrika. Mwaka 1948 National Bank of India iliinunua Grindlays, nyumba ya fedha iliyoanzishwa London mwaka 1828 kwa ajili ya kuwahudumia maofisa wa Kiingereza na familia zao waliokwenda India, na mwaka 1958 kampuni hizo mbili ziliunganishwa kikamilifu, jambo lililozaa jina la National and Grindlays lililotumika Kenya hadi baada ya uhuru. India ilikuwa imejitawala tangu 1947, na benki za kikoloni zilizotegemea nchi moja zilikuwa na sababu ya kutafuta upana. Kwa mteja wa Mombasa au Kisumu mabadiliko hayo yalikuwa ya bango na karatasi za hundi, lakini kwa benki yenyewe yalikuwa njia ya kukusanya mitaji miwili na mitandao miwili wakati dola iliyoilea ilipokuwa ikikunja mikeka yake.

Baada ya uhuru wa Kenya ulikuja ununuzi wa namna nyingine kabisa, ambao mnunuzi wake alikuwa taifa. Serikali ilichukua kwanza asilimia 60 ya hisa za National and Grindlays nchini na hatimaye ikamiliki hisa zote, na mwaka 1970 benki ikapewa jina la Kenya Commercial Bank. Lengo lililotajwa lilikuwa kuwafikishia Wakenya walio wengi huduma za benki, watu ambao kabla ya hapo walikuwa wakiingia katika majengo hayo kama matarishi na walinzi kuliko kama wateja. Ni vigumu kulipima tendo hili kwa mizani ya faida pekee. Serikali haikununua benki ili iuze hisa kwa bei kubwa zaidi mwaka uliofuata. Ilinunua mtandao wa matawi, wafanyakazi waliojua kazi, na vitabu vya wateja, vitu ambavyo taifa changa lisingeweza kuvijenga upya kwa muongo mmoja. Benki hiyo iliingia hadi katika lugha ya usafiri wa jiji, kwani jumba lake la Kencom, lililopewa jina kwa kufupisha jina la benki, likawa pia jina la kituo cha mabasi ambacho abiria wa Nairobi hukitaja kila siku.

Mwaka 1972 benki ilifanya ununuzi wake wa kwanza kama taasisi ya Kenya, ilipoichukua Savings and Loan, kampuni ya mikopo ya nyumba, yaani mikopo ya muda mrefu ambayo nyumba yenyewe huwekwa rehani hadi deni limalizike. Ununuzi huu hautajwi sana, lakini unastahili heshima kubwa kuliko inayopewa. Biashara ya mikopo ya nyumba haifanani na ya benki ya kawaida, kwa kuwa inahitaji wathamini, mawakili wa ardhi, na subira ya miaka 15 au 20 kwa deni moja, na benki iliyozoea kumkopesha mfanyabiashara kwa miezi michache ingejifunza ujuzi huo kwa makosa mengi. Kwa kuinunua kampuni iliyokuwa nao tayari, KCB ilipata ujuzi pamoja na watu waliokuwa nao vichwani. Kampuni hiyo iliachwa isimame peke yake kwa takriban miaka 38, na mwaka 2010 tu ndipo shughuli zake zilipoingizwa ndani ya benki.

Kuanzia mwaka 1988 serikali ilianza kuuza hisa zake kwa umma kupitia Soko la Hisa la Nairobi, ikianza na asilimia 20. Miaka iliyofuata haikuwa ya raha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 benki ilipata hasara kubwa iliyotokana na mikopo chechefu, yaani mikopo ambayo wakopaji wameacha kulipa marejesho yake kwa muda unaoilazimu benki kuitengea fedha za kufidia. Kipindi hicho kinatajwa hapa kwa sababu kinaeleza uangalifu uliofuata: taasisi iliyonusurika na madeni yake yenyewe haikuwa na haraka ya kununua madeni ya wengine.

Upanuzi wa kikanda ulianza, kwa hiyo, kwa kupanda mbegu. KCB iliandikisha kampuni tanzu Dar es Salaam mwaka 1997, ikaingia Sudan Kusini mwaka 2006, Uganda mwaka 2007, Rwanda mwaka 2008 na Burundi mwaka 2012, na katika kila nchi iliomba leseni mpya, ikakodi majengo, ikaajiri watu na kuanza kutafuta mteja wa kwanza. Njia hii ina heshima yake. Anayeanza upya hana madeni ya kurithi, wala wafanyakazi wa zamani wenye mazoea yao, na hugundua kosa likiwa bado dogo. Lakini benki mpya hulipa gharama zote za kuwa benki, kuanzia mfumo wa kompyuta hadi mtaji wa chini unaotakiwa na benki kuu ya nchi, kabla haijapata amana za kutosha kuzifidia. Tena, mwenye akiba yake huihama benki aliyoizoea kwa taabu sana, na ndiyo maana benki ya kigeni inayoanzia sifuri hubaki kwa muda mrefu ikihudumia makampuni ya nchi ilikotoka na wafanyabiashara wanaovuka mpaka. Huko Sudan Kusini mzigo mwingine uliongezeka, kwa kuwa vita vilivyoanza Desemba 2013 na kuporomoka kwa pauni ya nchi hiyo kulipunguza thamani ya kile kilichokuwa kimepandwa, kikihesabiwa kwa shilingi ya Kenya.

Hatua iliyobadilisha mwendo ilichukuliwa nyumbani. Mwaka 2019 KCB ilitoa pendekezo la kuinunua National Bank of Kenya, benki iliyoanzishwa na serikali mwaka 1968 na ambayo kwa miaka mingi ilikuwa imelemewa na mikopo chechefu na upungufu wa mtaji. Wakati huo KCB ilikuwa tayari imejipanga upya, kwani tangu Januari 2016 ilikuwa na kampuni mama isiyofanya kazi ya benki yenyewe, iliyoundwa ili kumiliki benki na kampuni nyingine zilizo chini yake, muundo unaorahisisha kuongeza kampuni tanzu bila kuvuruga zilizopo.

Namna malipo yalivyofanyika inafaa kuelezwa kwa utulivu, kwa sababu ndani yake mna sehemu kubwa ya hekima ya ununuzi huo. KCB haikutoa fedha taslimu kwa wenye hisa wa National Bank, bali ilitumia ubadilishanaji wa hisa, ambapo kila hisa 10 za National Bank zilibadilishwa kwa hisa 1 ya KCB. Kabla ya hapo, hisa za upendeleo zipatazo bilioni 1.135 zilizokuwa mikononi mwa Hazina ya Kitaifa na hazina ya hifadhi ya jamii, NSSF, zilibadilishwa kuwa hisa za kawaida, ili wenye mali wote wawe wa daraja moja. Matokeo yake KCB ilitoa hisa mpya takriban milioni 147, na jumla ya hisa zake ikafika takriban bilioni 3.21. Kwa maneno mengine, wanahisa wa zamani wa KCB waliachia chini ya asilimia 5 ya umiliki wao, wakapata benki nzima yenye matawi kote nchini, amana za wateja na akaunti za taasisi za umma, huku fedha za KCB zikibaki ndani ya benki kwa kazi iliyokuwa dhahiri itafuata, yaani kuijazia mtaji benki iliyonunuliwa. Ununuzi ulikamilika mwaka huohuo, na National Bank ikaondolewa katika orodha ya soko la hisa lakini ikaendelea kuwepo kwa jina lake.

Aliyepewa kuiongoza alikuwa Paul Russo, na mwaka 2022 huyohuyo akawa mkurugenzi mkuu wa kundi zima baada ya Joshua Oigara. Jambo hilo lina maana kubwa kuliko taarifa ya uteuzi. Kampuni iliyonunuliwa ikiwa na matatizo huwa shule ngumu, na kiongozi aliyekaa kila siku na vitabu vya benki yenye mtaji pungufu hujua gharama ya kununua kwa undani ambao ripoti ya washauri haiwezi kumpa.

Somo lililo wazi kuliko yote, hata hivyo, linapatikana Rwanda, kwa sababu huko KCB ilijaribu njia zote mbili katika nchi moja. Tangu 2008 ilikuwa na benki yake Kigali, iliyoendeshwa vizuri lakini iliyobaki na matawi machache ya mijini. Agosti 2021 ilikamilisha ununuzi wa sehemu kubwa ya hisa za Banque Populaire du Rwanda kutoka kwa wawekezaji Atlas Mara na Arise. Benki hiyo ya wananchi ilikuwa na asili tofauti kabisa, kwani ilitokana na vyama vya akiba na mikopo vya vijijini vilivyoanza mwaka 1975, na iligeuzwa kuwa benki ya biashara mwaka 2008, mwaka uleule KCB ilipoingia Rwanda. Ilikuwa na matawi zaidi ya 100, mengi yakiwa katika wilaya ambako mkulima wa kahawa au mwalimu wa shule ya msingi hakuwa amewahi kuona bango la benki ya kigeni.

Matawi hayo hayakuwa majengo tu. Kila moja lilikuwa na miaka ya mazoea kati ya karani na mwanachama, kumbukumbu ya nani alilipa mkopo wa mbolea na nani hakulipa, na imani ya wazee waliotoa akiba zao enzi za ushirika. Benki iliyoanza upya mwaka 2008 haikuweza kujenga imani ya namna hiyo kwa miaka 13, na hapakuwa na dalili kwamba ingeijenga kwa miaka mingine 13. Upande wa pili, KCB ilileta mtaji, mifumo na uzoefu wa kuwakopesha wateja wakubwa, mambo ambayo benki ya ushirika ilikuwa nayo kwa uchache. Aprili 2022 benki mbili hizo ziliunganishwa kuwa BPR Bank Rwanda, ya pili kwa ukubwa nchini humo baada ya Bank of Kigali. Jina lililobaki mlangoni lilikuwa la iliyonunuliwa. Uamuzi huo unapaswa kuhesabiwa miongoni mwa mazuri kabisa katika historia hii, kwa kuwa mnunuzi alitambua kwamba sehemu ya alichokilipia ilikuwa jina lenyewe, na kwamba kulifuta kungekuwa sawa na kununua shamba kisha kung'oa mikahawa.

Katika tangazo la Novemba 2020 la kununua benki hiyo ya Rwanda, KCB ilieleza pia nia ya kuichukua BancABC ya Tanzania, lakini mpango huo haukukamilika. Kampuni tanzu ya Dar es Salaam ikaendelea na mwendo wa kukua wenyewe ulioanza mwaka 1997.

Ununuzi wa tatu tangu 2019 uliivusha benki hadi katikati ya bara. Trust Merchant Bank, inayojulikana zaidi kama TMB, ilianzishwa mwaka 2004 Lubumbashi, mji wa shaba ambao Kiswahili chake kina historia ndefu ya migodi na reli. Agosti 2022 KCB ilitangaza makubaliano ya kununua asilimia 85 ya hisa zake, na Desemba mwaka huo ununuzi ukakamilika. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ilikuwa imejiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka huohuo wa 2022, na mshindani mkuu wa KCB, Equity, alikuwa ametangulia, kwa kuinunua ProCredit ya Congo mwaka 2015 na kisha Banque Commerciale du Congo, iliyoanzishwa mwaka 1909, mwaka 2020. Mwenye kuchelewa hana nafasi ya kupanda mbegu na kungoja. Leseni mpya, mtandao wa matawi katika nchi ambako barabara kati ya miji mikubwa ni chache, na uzoefu wa uchumi unaoendeshwa kwa faranga na dola kwa pamoja vingehitaji muda ambao soko lisingeutoa, na TMB ilikuwa na matawi yapatayo 110 tayari.

Takwimu za mizania zinaonyesha ukubwa wa mabadiliko. Mwisho wa 2018 mali zote za kundi, yaani jumla ya mikopo, dhamana za serikali, fedha na vitu vingine inavyomiliki, zilikuwa takriban shilingi za Kenya bilioni 714. Mwisho wa 2021 zilipita trilioni 1.1, mwisho wa 2022 zikafika takriban trilioni 1.55, na mwisho wa 2023 zikafika takriban trilioni 2.17. Msomaji makini hatayahesabu yote haya kuwa matunda ya ununuzi. Mwaka 2023 shilingi ya Kenya ilishuka sana dhidi ya dola, na mali za kampuni tanzu zinazohesabiwa kwa fedha za kigeni zikavimba zilipotafsiriwa kwa shilingi. Shilingi ilipopata nguvu mwaka 2024, jumla ilirudi chini ya trilioni 2. Zaidi ya hayo, ukubwa si faida. Faida ya 2023 ilishuka hadi takriban shilingi bilioni 37.5 na wanahisa hawakupata gawio la mwaka huo, ilhali mwaka 2024, ambao mizania ilipungua, faida ilipanda hadi takriban bilioni 61.8. Wanaoandika sifa za makampuni kwa kutaja jumla ya mali peke yake wangefanya vyema kuisoma miaka hiyo miwili kwa pamoja.

National Bank iliendelea kuwa na mtaji ulio chini ya kiwango kinachotakiwa na Benki Kuu ya Kenya, na Machi 2024 KCB ilitangaza kuiuza kwa Access Bank ya Nigeria kwa bei ya mara 1.25 ya thamani ya vitabu, yaani mali za benki zikiondolewa madeni yake yote kama zilivyoandikwa katika hesabu. Mauzo yalikamilika Mei 2025, baada ya baadhi ya mali na madeni yake kuhamishiwa KCB Bank Kenya. Wapo walioliona tendo hilo kuwa kukiri kushindwa, lakini hukumu hiyo ni ya haraka. Nchini Kenya, ambako KCB tayari ilikuwa na matawi karibu kila mji, National Bank iliiongezea wateja iliowajua na mitaa iliyokuwamo, pamoja na hitaji la mtaji lisilokwisha. Rwanda na Congo ziliiongezea kile ambacho haikuwa nacho. Mtaji unaotengwa kuijaza benki moja hauwezi kukopeshwa kwingine, na kundi lililokuwa na Kigali na Lubumbashi mbele yake lilikuwa na sababu ya kuchagua.

Huko Lubumbashi kazi haikuishia siku ya ununuzi. Asilimia 15 ya hisa za TMB ilibaki kwa wenye mali wa awali, na mkataba wa 2022 uliweka kwamba KCB ingezinunua baada ya kipindi kisichopungua miaka miwili, ili walioijenga benki hiyo waendelee kuwa na sababu ya kuitunza wakati wageni wakiijifunza.